Umeambiwa umeshinda safari ya familia? Usitume hela kwanza

Jumamosi saa tatu asubuhi, redio kwenye duka la mama mmoja wa Majengo, Manispaa ya Moshi, huwa haizimwi. Ndiyo saa ya chemshabongo. Mtangazaji anasoma swali la utalii, msikilizaji anatuma jibu kwa meseji kwenda namba fupi, na mwisho wa mwezi mmoja anachaguliwa kupelekwa mapumziko na familia yake.

Mama huyo hajawahi kwenda mapumziko popote. Likizo ya shule kwake ni kipindi cha watoto kushinda dukani wakila biskuti za kuuza. Binti yake ana miaka 11, mdogo wake wa kiume ana miaka saba, na wote wawili wamezaliwa wakiuona Mlima Kilimanjaro kila asubuhi mawingu yakiruhusu. Geti la hifadhi hawajawahi kulivuka.

Hilo si la familia hii peke yake. Moshi kuna watu wengi ambao mlima wanaujua kwenye chupa ya maji, kwenye chupa ya bia na kwenye madirisha ya daladala, basi.

Kwa hiyo zawadi ya mwezi ule ilipotangazwa kuwa ni safari ya familia, mama alisogeza kiti karibu na redio. Binti ndiye aliyekuwa mtafuta majibu, na aliifanya kazi hiyo kuliko anavyofanya kazi za shule.

Mjomba wake ni mpagazi mlimani, babu yake anakaa Marangu, na simu ya baba huwa na bando jioni. Ndani ya wiki nne aliweza kutaja vilele vitatu, Kibo, Mawenzi na Shira. Alijua kwamba Uhuru ni mita 5,895, kwamba hifadhi ilianzishwa mwaka 1973 na kuingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1987. Alijua kwamba usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961 aliyepeleka Mwenge na bendera mlimani ni Luteni Alexander Nyirenda.

Kilichomfurahisha zaidi ni mti. Kwenye bonde moja la mlima huo, watafiti walipima mti wenye urefu wa mita 81.5, na mwaka 2016 ukatangazwa kuwa mrefu kuliko miti yote ya asili iliyowahi kupimwa Afrika. Alimwambia kila mteja aliyekuja kununua sukari.

Hapo mambo yalikuwa mazuri.

Tatizo lilianza pale mtangazaji alipozoea kusema, "Tuma mara nyingi uwezavyo kuongeza nafasi yako." Mama alitoka kwenye meseji moja kwa wiki hadi tano kwa siku, kila moja ikikata shilingi 200. Kwa siku ni shilingi 1,000, na nani anashtuka kwa shilingi 1,000? Mwezi ulipokwisha zilikuwa 30,000, na baba watoto hakuwa na habari.

Hapa kuna jambo ambalo wazazi wengi hawalioni. Swali la chemshabongo ya kulipia huwa jepesi kwa makusudi. Likiwa gumu, watu hawatumi. Na jibu sahihi halikupi zawadi. Linakuingiza tu kwenye droo pamoja na maelfu waliojibu sahihi kama wewe, na kuanzia hapo inayofanya kazi ni bahati. Ndiyo maana mashindano ya namna hii huangukia chini ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, na ndiyo maana aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza. Binti alikuwa akitafuta majibu, lakini pia ndiye aliyekuwa akibonyeza meseji.

Simu ya ushindi

Simu ilipigwa Jumatano, saa nne na nusu, duka likiwa na wateja. Namba ilikuwa ya kawaida, ya tarakimu kumi.

"Mama, hongera sana! Umeshinda safari ya siku tano, watu wanne, njia ya Marangu hadi kileleni."

Mpigaji alimtaja kwa majina yake yote matatu. Alijua pia kwamba Jumamosi iliyopita alijibu swali la Mawenzi. Kwa mama, huo ulikuwa ushahidi tosha. Lakini jina la mwenye laini huonekana kwa yeyote anayejaribu kumtumia hela kwa simu, kabla hata hajathibitisha muamala. Na swali la Jumamosi lilisikika na mkoa mzima.

Alitakiwa atume shilingi 45,000 za bima na kodi kabla ya saa sita mchana, la sivyo zawadi ingekwenda kwa mshindi wa pili aliyeko Arusha. Alituma. Hakumwambia mtu, kwa sababu alitaka kumpa mume wake habari kamili jioni, na pengine kwa sababu ya zile 30,000.

Dakika ishirini hazijaisha, simu ikarudi. Sasa zilitakiwa 60,000 za majaketi na viatu. Dukani hazikuwapo. Zilikuwapo kwenye kopo la kikoba, na mama huyo ndiye mtunza hazina wa kikoba cha wanawake kumi na wawili.

Alikuwa ameshafungua kopo binti alipouliza, "Mama, na mdogo wangu anaenda?"

"Wote wanne, mpaka juu."

"Mjomba alisema wa chini ya miaka kumi hawaruhusiwi kupanda mpaka kileleni."

Mama alisimama na noti mkononi. Kisha akampigia yule mtu, akaweka sauti ya nje. "Kaka yangu, samahani, nina mtoto wa miaka saba. Na yeye atafika Uhuru?"

"Atafika bila shida, mama. Tuna mpaka oksijeni za watoto."

Mama akakata simu. Alimpigia kaka yake, yule mpagazi, ambaye kwanza alicheka sana aliposikia habari ya oksijeni za watoto, halafu akanyamaza aliposikia 45,000 zimeshakwenda.

Hazikurudi. Alipopata huduma kwa wateja, hela zilikuwa zimeshatolewa kwa wakala. Jioni ilibidi amweleze mume wake yote mawili, ya meseji na ya simu. Baba watoto alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Mama, ungeniambia tu unataka twende mahali."

Ya kuangalia kabla ya kufurahi

Mashindano ya kweli yapo, na watu hushinda. Kampuni hutoa safari kama matangazo, redio hutoa, benki hutoa. Shida ni kwamba tapeli hahitaji kuanzisha shindano lake. Anasubiri la wenzake litangazwe, halafu anapiga simu.

Alama kubwa kuliko zote ni hela kusafiri kwa njia isiyo yake. Anayekupa zawadi hakuombi umtumie chochote kwenye laini ya mtu binafsi, iwe anaiita kodi, bima au usajili. Kodi ya Serikali na tozo za hifadhi hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya Serikali, na ukiiweka kwenye simu inakuonyesha inalipwa taasisi gani. Jina la mtu likitokea hapo, hiyo si kodi.

Haraka nayo ni alama. "Kabla ya saa sita" imewekwa ili usipate muda wa kumuuliza mtu. Mama wa Majengo angeuliza mtu mmoja tu, hata mteja aliyekuwa ananunua vitunguu, 45,000 zingebaki.

Kampuni za simu zimekuwa zikiwatangazia wateja kwamba zinapowapigia hutumia namba 100. Namba ya tapeli hutumwa kwa meseji kwenda 15040, huduma iliyowekwa na Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ili laini hiyo ishughulikiwe. Wengi hawafanyi hivyo kwa aibu, na laini inaendelea kupigia mama wengine. Ukibonyeza *106# unaweza pia kuona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, maana mshindani aliyewahi kutaja namba ya NIDA kwa simu anaweza kukuta kuna laini asiyoijua yenye jina lake.

Kwa nini mtoto wa miaka saba hapelekwi kileleni

Tapeli alikamatwa na jambo la afya, na jambo hilo linawahusu hata walioshinda kihalali.

Kadiri unavyopanda, mgandamizo wa hewa hupungua. Pale Uhuru, kila pumzi inakupa karibu nusu ya oksijeni ambayo mtu wa Tanga anapata akiwa ufukweni. Mwili unaweza kuzoea, lakini unataka siku. Ushauri wa madaktari wa milimani ni kwamba ukishavuka mita 3,000, mahali unapolala pasizidi pa jana kwa zaidi ya mita 500 hivi, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike bila kupanda.

Sasa tazama njia ya Marangu. Usiku wa kwanza ni Mandara, mita 2,720. Wa pili ni Horombo, mita 3,720. Wa tatu ni Kibo, mita 4,720. Ni mita elfu moja kila siku, mara mbili ya ushauri. Safari ya "siku tano, watu wanne" inayosikika tamu redioni ni haraka mno hata kwa mtu mzima mwenye afya. Ukishinda safari ya kupanda, uliza kama unaweza kuongezewa siku ya kupumzika Horombo, na usione aibu kuuliza. Hilo lina faida kuliko jaketi la bure.

Ugonjwa wa mwinuko huanza na kichwa kuuma, kichefuchefu, kuchoka kupita kiasi na kukosa usingizi. Mtu mzima atasema. Mtoto mdogo hawezi kueleza: anakataa chakula, analia bila sababu, hachezi. Mzazi anadhani ni deko au uchovu wa kutembea, akamwambia, "Jikaze, tunakaribia." Ukiona dalili hizo mlimani, chukulia ni mwinuko mpaka ijulikane vingine, na usipande hatua moja zaidi.

Ikifikia mtu kuhema akiwa amekaa, kukohoa mapovu, kuyumba kama mlevi au kuongea yasiyoeleweka, maji yameanza kuingia kwenye mapafu au ubongo umeanza kuvimba. Huyo anashushwa saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Dawa zipo, lakini kushuka ndiko kunakookoa.

Kuna usemi unaopendwa kwenye migomba ya Kibosho, Marangu na Rombo: sisi ni watu wa mlima, hatudhuriki. Vihamba viko chini ya mita 2,000 au karibu na hapo. Kuzaliwa kwenye kihamba hakumpi mtu kinga ya mita 4,700, na wapagazi, ambao ni watoto wa vihamba hivyo hivyo, nao huugua.

Mwenye mtoto mwenye selimundu asikubali zawadi ya mlima kabla ya kuongea na daktari, kwa sababu baridi, upungufu wa maji mwilini na oksijeni kidogo vinaweza kuamsha maumivu makali. Hali kadhalika mwenye matatizo ya moyo, na mjamzito. Mwenye pumu abebe dawa yake ya kuvuta mfukoni, si kwenye mzigo wa mpagazi uliotangulia kambini.

Na kama zawadi ni ya kushuka pwani, Pangani au Bagamoyo, hesabu ni nyingine. Kilimanjaro ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo kabisa nchini. Mtoto aliyekulia huku juu mwili wake haujazoea vimelea hivyo, kwa hiyo akiugua anaweza kuzidiwa haraka. Chandarua chenye dawa kiwe kwenye begi hata kama hoteli imeahidi, na akipata homa wiki chache baada ya kurudi, jambo la kwanza kumwambia mganga ni kwamba alisafiri.

Uliza pia zawadi inaanzia wapi. "Siku tatu Zanzibar" inaweza kuanzia bandarini Dar es Salaam, na kutoka Moshi mpaka pale ni zaidi ya kilomita 500 za nauli yako, kwenda na kurudi, mara watu wanne. Zawadi ya nje ya nchi inataka hati ya kusafiria kwa kila mmoja, mpaka mtoto wa mgongoni. Kuna familia zinazokopa ili kwenda kupokea cha bure.

Mandara

Mama wa Majengo aliacha kutuma meseji. Mume wake alitoa pendekezo ambalo halikuwa limemjia mtu yeyote mle ndani: kwa nini wasiende mlimani wenyewe, kwa siku moja, wasilale?

Ilionekana ni jambo la kitajiri mpaka walipouliza. Mtanzania hulipa kiingilio cha hifadhi kwa shilingi, kiwango kidogo sana ukilinganisha na anacholipa mgeni wa nje, na mtoto hulipa pungufu ya mkubwa. Walihitaji mwongozaji, na mjomba akawatafutia rafiki yake. Walisubiri miezi miwili kukusanya hela. Binti aliandika mahesabu nyuma ya daftari, nauli ya haisi hadi Marangu Mtoni ikiwa ya kwanza.

Babu aliwasubiri getini akiwa na koti la kwenda kanisani. Ana miaka 74, kihamba chake kiko umbali wa kutembea kutoka hapo, na maisha yake yote hajawahi kupita lile geti. "Huko ni kwa wazungu na wapagazi," alisema, na ilichukua muda kumshawishi kwamba jina lake limeshaandikwa.

Walianza saa mbili asubuhi, polepole, kila mmoja na sweta, koti la mvua, maji na ndizi za kuchemsha alizofunga bibi. Msituni binti aliendesha chemshabongo yake mwenyewe. Jibu lilikuwa halilipiwi, na baba alikosa mara tatu mfululizo, pamoja na swali la mti.

Baada ya kama saa mbili, kijana wa miaka saba alikaa chini. Hakuwa analia, hakuwa na homa, alisema tu miguu imekataa na kichwa kizito. Baba alitaka kumbeba. Mwongozaji akasema hapana, anayesema kichwa kizito anarudi chini, na asirudi peke yake.

"Nitarudi naye mimi," Babu alisema. "Nimeshaona vya kutosha."

Babu na baba wakashuka na mtoto. Mama na binti waliendelea na mwongozaji hadi Mandara, wakala ndizi zao mezani nje ya vibanda, wakatazama mbega wakiruka juu ya miti, na saa nane wakaanza kushuka ili giza lisiwakute msituni.

Walipofika getini, mdogo wake alikuwa anakimbizana na watoto wa wauza soda, kichwa kimepona zamani. Babu alikuwa amekaa kwenye benchi, koti limekunjwa pembeni. Alimuuliza mjukuu wake kama huko juu kuna baridi sana.

"Kuna baridi kidogo, Babu. Lakini Uhuru bado ni mbali. Kutoka pale ni mita elfu tatu mia moja sabini na tano."

Babu akamwambia arudie, aikumbuke, wakiulizana kanisani.